Mama, Lifahamu Gari Kabla ya Kuliendesha

Tulikuwa akina mama watano ndani ya gari dogo, tukitoka Dodoma mjini kwenda wilayani Chemba kumpa pole mwenzetu aliyefiwa na baba yake. Aliyeshika usukani alikuwa amepata leseni wiki tatu tu zilizopita. Sisi wengine tuliona fahari kuendeshwa na mwanamke mwenzetu, tukawa tunaimba mapambio njia nzima.

Tulipopita Mayamaya, mmoja wetu aliyekaa mbele aliona mshale mdogo kwenye dashibodi ukipanda kuelekea herufi H. "Jamani, tazameni," akasema kwa furaha, "mafuta bado yamejaa kabisa." Tukamshukuru Mungu, tukaendelea kuimba.

Dakika chache baadaye mvuke mweupe ulianza kutoka mbele ya gari, nguvu zikaisha, likasimama pembeni mwa barabara. Tulihangaika kutafuta mahali pa kufungulia boneti. Ilipofunguka, dereva wetu alizungusha kitenge mkononi ili afungue kifuniko cha rejeta, atie maji. Wakati huo lori moja lilikuwa limesimama nyuma yetu. Utingo akaruka chini, akapiga kelele: "Mama, acha! Usiguse hapo!"

Mwanzoni tulimwona hana adabu kwa kutupigia kelele. Baadaye, alipotueleza kwa upole maji yale yangeweza kumfanya nini mwenzetu usoni na kifuani, hakuna aliyeweza kusema neno. Tulikaa chini ya mgunga zaidi ya saa moja. Msibani hatukufika siku ile.

Gari lilivutwa hadi mjini. Fundi alisema silinda hedi imepinda na gasketi yake imeungua, na gharama yake ilikula fedha zilizowekwa kwa ajili ya ada ya watoto. Mume wa mwenzetu hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Kwani hukuuona mshale?" Naye akajibu kwa unyonge, "Niliuona, baba watoto, ila sikujua unasema nini."

Jibu hilo lilituchoma wote watano, kwa sababu hata sisi tuliuona.

Leseni ni mwanzo tu

Mpenzi msomaji, tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, mji wetu umepanuka sana. Mama anaweza kulala Nkuhungu, akafanya kazi Mtumba, na watoto wakasoma Kisasa. Magari yaliyotumika Japani yamekuwa mengi, na si ajabu tena kumwona mama akiendesha. Wengine wetu tumejifunza kwa sababu ya kazi. Wengine tumejifunza baada ya usiku ule ambao mtoto alishikwa na homa kali, baba yuko safari, gari lipo uani, na hakuna wa kuliendesha.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mtu awe na leseni kabla ya kuendesha. Mwanafunzi huanza na leseni ya muda ya kujifunzia, hufundishwa, hupimwa na polisi wa usalama barabarani, kisha Mamlaka ya Mapato humpa leseni. Hayo yote ni mema na ni lazima yafuatwe. Lakini mtu anaweza kufaulu alama zote za barabarani na bado asijue gari lake linapougua. Kuendesha gari na kulifahamu gari ni mambo mawili.

Baada ya aibu ile tulimwomba fundi mmoja mzee atufundishe. Kwa Jumamosi nne tulikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, gari likiwa limesimama kivulini, boneti wazi. Hatukwenda popote. Haya ndiyo tuliyojifunza, nasi tunawashirikisha.

Anza na kiti

Fundi alishangaa kuona kila mmoja wetu alikuwa akikaa kwenye kiti kama alivyokikuta. Kiti husogezwa mbele au nyuma hadi mguu ukanyage breki mpaka mwisho, na goti libaki limekunjika kidogo. Mama mfupi anayekaa mbali hawezi kukanyaga breki kwa nguvu zake zote siku ya hatari. Baada ya kiti, rekebisha kioo cha ndani na vioo vya pembeni, kisha funga mkanda. Fuata mpangilio huo, maana ukisogeza kiti baadaye vioo vyote vinakuwa vimeharibika.

Tazama pia miguuni. Viatu vya visigino virefu na kandambili havifai, kwa kuwa hujikwaa kwenye pedali. Kitenge au gauni refu likusanywe lisiangukie chini. Na jambo ambalo akina baba wengi hawalifikirii: chupa ya maji ya mtoto. Ikibingirika kutoka nyuma ikaingia chini ya pedali ya breki, breki haikanyagiki. Kabla ya kuondoka, okota kila kitu kilicho sakafuni.

Miguu na mikono

Gari la gia za mkono lina pedali tatu. Kushoto ni klachi, katikati ni breki, kulia ni mafuta. Klachi kazi yake ni kuitenganisha injini na gia, ili uweze kubadili gia bila kuzisaga. Mguu wa kushoto ni wa klachi tu. Mguu wa kulia unahudumia breki na mafuta, kwa zamu, wala haukanyagi vyote viwili kwa pamoja.

Wengi wetu klachi ilitusumbua. Tukiiachia ghafla, gari linaruka na kuzimika. Mmoja wetu, Mgogo wa Mvumi, ndiye aliyetusaidia. Alisema ni kama ngoma ya muheme, ambayo kwetu hupigwa na akina mama: mkono mmoja hausubiri mwingine umalize, bali mmoja unashuka wakati mwingine unapanda. Achia klachi taratibu, huku ukiongeza mafuta taratibu. Tangu siku hiyo wengi wetu tuliacha kuzimisha gari.

Gari la otomatiki lina pedali mbili, breki na mafuta, na zote ni za mguu wa kulia. Mguu wa kushoto upumzike. Herufi zake nazo zijulikane: P ni ya kuegesha, R ni ya kurudi nyuma, N ni ya kuiacha gia huru, na D ni ya kwenda mbele. Kuna herufi au namba nyingine, kama L au 2, ambazo wengi hatuzigusi kabisa. Hizo ni gia za nguvu, na kazi yake huonekana kwenye mteremko. Ukiteremka mlima mrefu kama Nyang'oro, katika barabara ya Dodoma kwenda Iringa, ukitegemea breki peke yake zitapata moto na kupoteza nguvu. Weka gia ndogo mapema ili injini isaidie kulizuia gari.

Kosa linaloogopesha kuliko yote ni kukanyaga mafuta ukidhani umekanyaga breki. Mara nyingi hutokea wakati wa kuegesha, mtu akiwa na haraka au akigeuka nyuma kuwagombeza watoto. Ndiyo maana kabla ya kuhamisha gia kutoka P, mguu uwe juu ya breki. Na kabla ya kurudi nyuma uani, shuka uzunguke gari. Mtoto mdogo aliyekaa nyuma ya bampa haonekani katika kioo chochote.

Dashibodi inasema

Hapa ndipo tulipokosea sisi. Mshale wa mafuta una herufi E, maana yake tupu, na F, maana yake limejaa. Mshale wa joto la injini una C, yaani baridi, na H, yaani moto. Kwa kawaida mshale wa joto hukaa karibu na katikati. Ukipanda kuikaribia H, gari linakuomba usimame. Magari mengi ya sasa hayana mshale huo, bali yana taa ndogo yenye picha ya kipimajoto. Ikiwaka ya bluu asubuhi, injini bado ni baridi. Ikiwaka nyekundu, injini imechemka.

Fundi alitupa kanuni rahisi ya rangi. Taa nyekundu ni ya kusimama. Taa ya njano ni ya kumwona fundi mapema. Taa za kijani na bluu zinakujulisha tu, mfano bluu inapoonyesha kuwa umewasha taa kali zinazomwumiza macho dereva anayekuja mbele yako.

Kati ya taa nyekundu, jifunze hizi nne. Picha ya birika dogo linalodondosha tone ni ya oili. Ikiwaka ukiwa njiani, simama mahali salama na uzime injini mara moja, kwa kuwa injini isiyopata oili hujisaga yenyewe kwa muda mfupi sana. Picha ya kisanduku chenye alama za kujumlisha na kutoa ni ya betri. Maana yake betri haichajiwi. Picha ya duara lenye alama ya mshangao ni ya breki. Huenda umesahau kushusha breki ya mkono. Ikiwa umeishusha na taa bado inawaka, usiendelee na safari. Ya nne ni ile ya joto tuliyokwisha itaja.

Asubuhi unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa hizi huwaka kwa pamoja, na injini ikishanguruma huzimika. Zitazame kila siku. Ukizizoea zikiwa nzima, utaigundua upesi ile iliyokataa kuzimika.

Chini ya boneti

Mama anayejua kuwa chumvi imepungua kwenye chungu bila kuambiwa hawezi kushindwa kupima oili. Gari liwe limesimama mahali pa tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Vuta kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kivute tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili za kijiti. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kwenye oili, usiliendeshe gari hadi fundi alione.

Rejeta ndiyo inayopoza injini kwa maji yanayozunguka. Injini ikiwa ya moto, maji yale yamebanwa kwa nguvu, na joto lake linaweza kupita lile la maji yanayochemka jikoni. Kifuniko kikifunguliwa, yanageuka mvuke na kuruka juu kwa kishindo. Hilo ndilo lililokuwa linamngoja mwenzetu pale Mayamaya, na kitenge kisingemsaidia kitu. Gari likichemka, simama, zima injini, na usubiri nusu saa au zaidi hadi rejeta ipoe kabisa. Ndipo ufungue kifuniko polepole na kuongeza maji kidogo kidogo. Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, kwani chuma kinaweza kupasuka.

Tena maji yenyewe yachaguliwe. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na sisi tunaijua kazi yake: tazama utando mweupe uliogandia ndani ya birika lako. Utando kama huo ukijijenga ndani ya rejeta, njia za maji huziba. Tumia kulanti iliyochanganywa sawasawa kama gari lako linavyotaka. Maji ya kisima yawe ya dharura tu.

Kuna pia chupa ndogo ya mafuta ya breki, yenye alama za juu na chini. Yakishuka, usiongeze tu na kusahau. Ama yanavuja, ama vibao vya breki vimekwisha. Mwisho ni chujio la hewa. Kwa vumbi letu la kiangazi, chujio huziba mapema kuliko kwa wenzetu wanaoendesha kwenye lami tupu. Mwombe fundi akuonyeshe lilipo, uwe unalikagua mwenyewe.

Tairi la akiba na wanawali kumi

Tulipofungua buti la gari letu, tulikuta tairi la akiba halina upepo hata kidogo. Fundi hakusema kitu, lakini mmoja wetu alicheka akasema sisi ni wale wanawali watano wa Mathayo 25, waliochukua taa bila akiba ya mafuta. Tulicheka wote, ila somo liliingia.

Kiwango cha upepo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa dereva. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Ukinunua tairi, hasa lililotumika, tafuta ubavuni namba nne zilizo pamoja. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Namba 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa kwa nje na kumbe ni zee.

Kubadili tairi hakuhitaji misuli ya mwanamume. Egesha mahali pagumu na tambarare, vuta breki ya mkono, washa taa za hazadi, weka pembetatu ya tahadhari nyuma, washushe watoto wakae mbali na barabara. Legeza nati kabla ya kulinyanyua gari, na hapa tumia mguu kukanyagia spana. Kisha weka jeki mahali palipoelekezwa, nyanyua, badili, kaza nati kwa kukatiza, si kwa kuzunguka. Shusha gari, kaza tena. Kamwe usiingize mwili wako chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Watoto wetu

Mtoto asipakatwe mbele. Kiti chake ni cha nyuma, akiwa amefungwa kwa kifaa kinachomfaa umri wake. Milango ya nyuma ya magari mengi ina kitufe kidogo pembeni kinachozuia isifunguliwe kutoka ndani. Kitafute leo. Usimwache mtoto ndani ya gari juani, hata kwa dakika za kununua nyanya sokoni. Na msimu wa mvua, makorongo yetu yaliyokuwa mchanga mtupu hujaa ghafla. Maji yakikatiza barabara, subiri. Gari huelea na kusombwa upesi kuliko tunavyodhani, na kuchelewa nyumbani si dhambi.

Mama aliyetutangulia

Watu wakisema magari si mambo ya wanawake, tuwasimulie habari za Bi Bertha Benz wa Ujerumani. Mumewe, Karl, alikuwa ametengeneza gari la magurudumu matatu, lakini watu hawakuliamini. Agosti 1888 mama huyu aliwachukua wanawe wawili, akaliondoa gari bila kumwambia mumewe, akaenda kumsalimu mama yake. Kutoka Mannheim hadi Pforzheim ni zaidi ya kilometa 100, umbali unaokaribia ule wa kutoka hapa Dodoma mjini hadi Mpwapwa.

Njiani bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulichubuka, akaufunika kwa mpira wa soksi. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa. Vibao vya breki vilipolika, alimwomba fundi viatu avipigilie ngozi. Na kila mara aliongeza maji ya kupozea injini. Alifika kwa kuwa alilijua gari lenyewe, ndani na nje. Safari yake ndiyo iliyowaonyesha watu kwamba kazi ya mumewe inafaa.

Tusione haya kuuliza

Tulipojichunguza, tuligundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa na swali aliloogopa kuuliza. Tuliogopa kuchekwa na fundi, na zaidi tuliogopa kuonekana wajinga mbele ya waume zetu. Kumbe yule mume alipoona mkewe amefungua boneti na kijiti cha oili mkononi, alisogea akasema kwa sauti ya chini, "Hebu nionyeshe na mimi. Siku zote humwachia fundi." Tangu hapo hukagua gari pamoja kila Jumamosi, na watoto wao husoma majina ya taa za dashibodi kama somo la shule.

Basi, mama, kabla ya kulala leo mwombe mwenye kujua akae nawe dakika ishirini ndani ya gari lililosimama. Gusa kila kitufe. Uliza kila taa. Na asubuhi, kabla ya kuwasha, fanya haya:

1. Zunguka gari: watoto, matairi, na kama kuna kilichovuja chini.
2. Pima oili na tazama maji, injini ikiwa baridi.
3. Ondoa kila kitu sakafuni kwa dereva.
4. Rekebisha kiti, kisha vioo, kisha funga mkanda.
5. Fungua swichi, tazama taa zote zikiwaka, kisha washa uone zimezimika.
6. Kanyaga breki ukiwa bado umesimama. Pedali iwe ngumu, isizame.
7. Omba, kisha ondoka.

Wiki mbili baada ya mafunzo yetu tulisafiri tena kwenda Chemba, kutoa ile pole tuliyochelewa kuitoa. Dereva alikuwa yule yule. Tulipopita Mayamaya mapambio yalinyamaza yenyewe, sote watano tukainama kutazama dashibodi. Hakuna taa nyekundu iliyokuwa imewaka, na mshale wa joto ulikuwa katikati. Tukaanza kuimba tena.